Kitunguu Kimeliwa na Wali: Shajara ya Mashindano Yetu ya Ngumi, Tanga

Jumapili, wiki ya kwanza

Leo nimejitia kitanzi mwenyewe. Kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la waliokuwa wateja wa kibanda cha gemu pale Ngamiani, mtu alituma picha ya zamani: televisheni ya chogo, pedi mbili zilizozungushiwa gundi ya karatasi, na vichwa sita vimebanana kwenye benchi la watu watatu. Ikafuata saa nzima ya majigambo. Nani alikuwa akimpiga nani kwenye Tekken 3, ule mchezo wa ngumi wa kwenye televisheni, nani alijificha nyuma ya mpiganaji wake Eddy Gordo kwa kuwa Eddy hata ukiponda vitufe hovyo anakuchezea, nani hajalipa shilingi mia mbili zake mpaka kesho. Mimi ndiye niliyekaa pale kupokea hela, kwa hiyo nikaandika, kwa utani: "Maneno mengi. Tufanye mashindano tuone." Nikaenda kula. Niliporudi nilikuta majina tisa.

Kibanda kilishafungwa zamani, siku hizi pale wanauza vipuri vya baiskeli. Wachezaji wametawanyika: Chumbageni, Makorora, Mikanjuni, Raskazone, mapacha wawili wako Pangani, kijana mmoja anasoma Dar, na binamu yangu yuko Muscat, anafanya kazi kwenye ghala. Kwa hiyo ni mtandaoni au basi.

Naandika haya kwa sababu najijua. Nisipoandika nitawaahidi watu watatu vitu vitatu.

Jumanne

Mchezo gani? Swali hili limekula siku mbili na karibu livunje undugu.

Wote walitaka Tekken 3. Nikawakumbusha kwamba ule mchezo ulitoka kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1997 na kuingia PlayStation mwaka 1998, haukutengenezwa uchezwe na watu walio miji miwili. Zile Tekken za sasa zinachezeka mtandaoni, ila zinadai mashine ambayo hapa kwetu hana mtu. Tulizonazo ni laptop za ofisi zilizotumika, nyingine skrini inashikiliwa na gundi. Fundi Simu wa Barabara ya 12 akasema tuchezee kwenye simu. Amekataliwa kwa kura, na mimi nilipiga kura ya kumkataa. Kidole gumba kwenye kioo hakijui kama kimebonyeza au kimeteleza, na mtu akipigwa atasema kimeteleza.

Kijana wa Dar ndiye aliyeleta jibu: Tough Love Arena. Ni bure, unafunguka ndani ya kivinjari, husakinishi kitu, vitufe ni vichache, na unampata mwenzako kwa kumtumia kiungo cha chumba. Laptop yangu ya steshenari, inayolia kama cherehani nikifungua faili mbili za Word, iliucheza bila kukohoa.

Halafu kuna hili la majina. Wahusika wameitwa vyakula: Garlic, Onion, Rice, Beef. Ukiwapa watu wa Tanga wapiganaji wenye majina ya chakula, kazi imekwisha. Kufikia jioni hakuna aliyeita kwa Kiingereza. Kuna Saumu, kuna Kitunguu, kuna Wali, kuna Nyama, na mapacha wanauliza kama tui la nazi litaongezwa. Mzee wa Bandari, ambaye enzi za kibanda alikuwa anamtumia King, mpiganaji wa mieleka wa Tekken, na kuwarusha vijana kama magunia ya mkonge, amenuna: "Mwanangu, na umri wangu huu nikapigwe na kitunguu?"

Alhamisi

Jaribio la kwanza, mechi nne. Mbili safi. Moja tuliacha katikati, wachezaji walikuwa wanaruka kutoka pembe hii hadi ile bila kupita katikati. Moja haikuanza kabisa, maana kibodi ya Mwalimu haikubali vitufe vitatu kwa pamoja: akishika mshale na kubonyeza shambulio huku kidole kingine kiko chini, kimoja kinapotea. Alidhani ni yeye amezeeka. Nimempa kibodi ya akiba ya dukani.

Jumapili, wiki ya pili

Leo nilifunga duka mapema nikae na hili jambo la kuruka kama majini, maana ndilo litakaloamua kama tunafanya mashindano au tunafanya kelele.

Hesabu yake ni hii. Mchezo wa ngumi unachora picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16.7 hivi. Ngumi ya haraka inachukua picha chache tu toka kubonyezwa hadi kufika usoni. Kwa hiyo ukichelewesha habari kwa picha tano, umemnyima mtu sehemu kubwa ya muda wa kuiona ngumi na kuizuia.

Nilipima kati ya laptop yangu Ngamiani na ya Fundi Simu, aliyekuwa kwa dada yake Chumbageni. Kwa baiskeli ni dakika chache. Habari kwenda na kurudi ikachukua milisekunde 64. Nikafuatilia njia inayopita, nikakuta inatoka Tanga, inakwenda Dar es Salaam, ndiko mtandao wangu na wake unakokutana, kisha inarudi Tanga. Fundi kusikia hivyo akaanza kuilaumu Dar, kama ilivyo desturi. Lakini Dar haina kosa. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tanga hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 350, kwenda na kurudi hata milisekunde 4 hazifiki, na jibu likipita njia hiyo hiyo, zote pamoja ni kama 7 tu. Muda unapotelea hapa hapa: kati ya simu na mnara, halafu kati ya simu na laptop kwa hotspoti.

Hilo la mwisho tunaweza kulishika kwa mikono. Mapacha wa Pangani walikuwa wanapanda na kushuka kati ya 70 na 300, na huko kupanda na kushuka ni kubaya kuliko kuwa mbali moja kwa moja. Nikawaambia wazime hotspoti, wachomeke simu kwenye laptop kwa waya wa USB. Wakatulia kati ya 80 na 95, jioni nzima. Waya wa kuchajia simu, basi! Nimeuandika kwenye kanuni kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee wa Bandari akanipigia simu akitaka aelezwe kwa nini mwenzake "anahama". Kwa kuwa swali lake ni la wengi, naliandika jibu hapa.

Kuna namna mbili za kuficha umbali. Ya kale ni kusubiri: umebonyeza ngumi, mashine inaishika kwanza mpaka habari ya mwenzako ifike, ndipo zote mbili zinaonekana. Mtandao ukiwa mzito unajisikia unapigana ndani ya uji. Ya pili, ambayo mchezo wetu unaitumia, ni kubahatisha. Mashine inachukulia kwamba mwenzako anaendelea kubonyeza alichokuwa anabonyeza, inachora, inasonga. Habari ya kweli ikifika na kumbe ilikuwa vingine, inarudi nyuma picha chache, inasahihisha, inakimbia tena mbele kabla jicho halijashtuka.

Nikamwambia: "Shikamoo mzee. Unamjua konda wa daladala unayopanda kila siku? Yule hasubiri useme. Anagonga bati, 'shusha!', wewe hata mdomo hujafungua. Siku ukiwa unapitiliza unamwambia 'twende', gari linaongeza mwendo, abiria wa nyuma hawajui hata kama lilitaka kusimama. Konda mgeni ndiye anayesubiri kila mtu aseme, ndiyo maana gari lake linachelewa."

"Marahaba. Na huyo konda wenu akikosea kila kituo?"

"Ndipo unapoona mtu anahama."

Akacheka, akakata simu. Nadhani ameelewa kuliko Fundi.

Aliyeipa umaarufu mbinu hii kwenye michezo ya ngumi ni Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, mashindano makubwa ya michezo ya ngumi. Mwaka 2006 lilitoka toleo la mtandaoni la Street Fighter II kwa Xbox 360, akaona linavyosuasua, likamkera, akaketi akaandika kitu alichokiita GGPO. Mwaka 2019 akaiachia msimbo wake wazi, yeyote autumie. Sijui kama anapenda wali, lakini sahani yake ipo Ngamiani.

Jumatano

Bando. Watu waliogopa kwamba usiku mmoja utameza bando la wiki. Hapana, kinachosafiri ni vitufe, picha kila mashine inajichorea yenyewe. Ghali ni kutazama: ukirusha video ili watu kumi waangalie, hapo ndipo MB zinapokwenda kama maji ya mfereji uliopasuka. Uamuzi: hatutarusha video. Matokeo yataandikwa kundini, na atakayependa atume ujumbe wa sauti kama mtangazaji wa mpira. Fundi ameshaanza mazoezi ya utangazaji. Nimemzuia kutuma baada ya saa nne usiku.

Ijumaa usiku

Ugomvi. Nilijua utakuja, ila sikujua utakuja kabla ya mashindano.

Mechi ya majaribio, Bodaboda wa Makorora na Fundi. Raundi ya mwisho, Bodaboda damu imebaki kiduchu, Fundi anamfuata pembeni, mara chumba kikafa. Bodaboda katoweka. Karudi baada ya dakika kumi na mbili akisema umeme umekatika kwao na betri ya laptop yake ni pambo tu, haishiki hata dakika. Fundi akasema amechomoa waya makusudi. Maneno yakawa makali, ya wazazi karibu yaingie. Nikafunga kundi lisiandikwe mpaka asubuhi.

Kinachonisumbua si nani mkweli. Ni kwamba kwenye skrini ya Fundi, waya uliochomolewa na umeme uliokatika vinafanana kabisa. Pale kibandani mtu akichomoa waya tunamwona, tunamcheka, analipa mia mbili nyingine. Hapa sioni mkono wa mtu. Nikitunga kanuni inayonitaka nijue nia ya mtu, nitakuwa nahukumu nani ana sura ya mwizi, na Bodaboda nimeshaona watu wanavyomtazama.

Na kanuni ya wepesi, kwamba anayekatika amepoteza, inamwadhibu mwenye umeme mbovu, nayo si mashindano ya umeme. Ile ya kurudia raundi toka mwanzo inampa mjanja zawadi: ukikaribia kufa, chomoa.

Jumamosi, asubuhi

Mwalimu amelitatua, na sijui kwa nini tulikuwa tunahangaika wakati tuna mwalimu wa hesabu.

Pendekezo lake: mtu akikatika ana dakika kumi za kurudi. Akirudi raundi inaanza upya, lakini kwanza anasimama apigwe. Yaani anaweka mikono mbali na kibodi, mwenzake anampiga mpaka damu yake ifike pale ilipokuwa wakati wa kukatika. Kisha mwenzake naye anasimama apigwe mpaka pake. Wakishalingana na walivyokuwa, wanaachana, mmoja anahesabu tatu kwenye simu, ngumi zinaendelea. Ushahidi ni skrinshoti, na kama haipo, wakubaliane wenyewe.

Kwa kanuni hiyo kukatika hakukupi wala hakukunyimi kitu, na mimi siulizi nia. Aliyechomoa na aliyekatikiwa wanarudi mahali pale pale. Fundi akauliza: "Na akikataa kusimama?" Mwalimu akajibu kwamba hapo sasa nia itakuwa imeonekana.

Tumeipitisha. Bodaboda hajaandika kitu, ameweka dole gumba tu.

Jumatatu, wiki ya tatu

Mfumo. Tuko 12. Kila mmoja akutane na kila mmoja ni mechi 66, mapacha wana laptop moja, hapana. Mtoano wa kawaida ni mechi 11 na nusu ya watu wanakwenda kulala baada ya dakika saba, hapana. Tumechukua mtoano wa nafasi mbili: ukipoteza mara moja unahamia upande wa pili, ukipoteza tena umekwenda. Kwa watu 12 ni mechi 22, au 23 ikiwa aliyetoka upande wa pili atashinda fainali ya kwanza, maana mwenzake naye ana haki ya kupoteza mara moja.

Upande wa pili umeshapewa jina: Bombo. Ndiyo hospitali yetu ya mkoa, unaingia umejeruhiwa na unaweza kutoka mzima ukarudi vitani. "Nakusubiri Bombo" ndiyo salamu ya kundi wiki hii.

Kwa 12, wanne wanapita raundi ya kwanza bila jasho. Mwalimu alichota majina kwenye kofia yake, akarekodi video, mkono wazi. Wa pili kutoka akawa binamu yangu wa Muscat. Nikaona ujumbe sita wa kicheko na mmoja usio wa kicheko. Ndiyo maana sikuchota mimi.

Kuhusu binamu. Muscat kuja hapa na kurudi ni milisekunde 180, yaani kila upande habari inafika ikiwa imechelewa picha tano na ushei. Inachezeka, lakini konda anakosea vituo vingi. Kijana wa Dar alitaka tuweke ukomo wa 150, na kwa mashindano ya maana yuko sahihi. Mimi nimekataa. Binamu ndiye aliyefungua kundi hili kabla hajasafiri, halafu leo tumwambie asimame mlangoni kwa sababu bahari ni pana? Tumekubaliana nusu: anacheza, mpinzani wake anaweza kudai mechi mbili za kupasha ili azoee ucheleweshaji, na Kiarabu hakiruhusiwi kwenye matusi.

Tarehe imekaa Jumamosi hii baada ya Isha, saa mbili na nusu usiku. Nilihakikisha Simba na Yanga hazikutani siku hiyo, la sivyo ningecheza peke yangu. Muscat itakuwa saa tatu na nusu, na kwao Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo mechi zake zitapangwa mwanzo.

Alhamisi

Fundi na Mzee wa Bandari wamebishana leo kama mtandaoni ni mazoezi au ni mchezo wenyewe. Fundi kaleta mfano wa Arslan Ash, kijana wa Pakistan aliyeshinda Evo Japan na Evo ya Marekani mwaka mmoja, 2019, kwa Tekken 7, wakati dunia haikujua kama Pakistan kuna wachezaji. Hoja yake: wale walikua kwa kukaa bega kwa bega kama sisi kibandani. Mzee akamwambia basi fungua kibanda. Kimya.

Zawadi: kapu la machungwa ya Muheza. Hakuna kiingilio.

Jumamosi, siku yenyewe

Naandika saa nane usiku, vidole vinauma na mimi sikucheza hata mechi moja.

Tulianza saa tatu na dakika kumi, kuchelewa dakika arobaini. Mapacha walikuwa wamesahau laptop iko kwa mjomba wao. Vyumba viwili kwa wakati mmoja, mimi nikiandika kimoja, Mwalimu kingine kwenye daftari la mistari. Mzunguko wa kwanza ulikwenda kama maji. Pacha mkubwa alimpiga Mwalimu kwa Nyama, na Mwalimu akaingia Bombo akiandika matokeo ya kushindwa kwake mwenyewe kwa mwandiko mzuri sana.

Binamu alimpiga Fundi mbili kwa moja. Fundi akatuma sauti ya sekunde arobaini yenye jambo moja ndani: "Huyu hajanipiga. Nimepigwa na bahari." Nilitazama mechi ile nyuma ya bega lake, alikuja kuchezea dukani kwangu, na ana haki kidogo. Ngumi za binamu zilikuwa zinazaliwa zikiwa zimeshafika nusu ya njia. Lakini binamu naye alikuwa anapigwa na bahari ile ile. Alifika mbali kabla ya kutolewa, akaaga saa sita na robo ya kwao, saa kumi na moja na nusu yuko kazini.

Sasa Makorora. Saa nne kasoro, Bombo, Bodaboda dhidi ya Muuguzi. Muuguzi alibadilishana zamu ili acheze, na anacheza kama anavyotafuta mshipa: hana haraka, anangoja, akigusa amegusa. Raundi ya pili umeme ukakatika kwa Bodaboda. Dakika tisa, akarudi kapanda pikipiki na laptop mgongoni mpaka kwa baba yake mdogo Mikanjuni. Muuguzi alikuwa na skrinshoti. Bodaboda akasimama. Mimi nilikuwa chumbani naona: Saumu kasimama wima, mikono chini, anapigwa, moja, mbili, tatu, hatikisiki. Sijui kwa nini ilinichekesha na kunikaba kwa pamoja. Kisha Muuguzi akasimama naye akapigwa mbili. Kijana wa Dar akahesabu. Wakaendelea. Raundi ile Bodaboda akashinda.

Raundi ya tatu, ikakatika tena, safari hii bando. Akarudi haraka, dakika tatu. Skrinshoti hakuna, Muuguzi alikuwa anajifuta jasho.

"Ulikuwa na kama nusu hivi," Muuguzi akaandika.

"Hapana dada, robo. Mimi nilishakufa pale."

Kimya kundini. Hata Fundi. Bodaboda akasimama, akapigwa mpaka nusu, Muuguzi akaacha. Bodaboda akaandika: "Ongeza." Akaongezwa mpaka robo. Wakahesabiwa tatu, akala ngumi mbili, akatoka mashindanoni.

Fundi alimtumia kitu faragha. Sikuuliza.

Fainali ilianza saa sita na nusu: Mzee wa Bandari, hajapoteza mechi hata moja, dhidi ya Muuguzi aliyetoka Bombo. Ndiyo, tumelisema sote hilo, kila mtu kwa wakati wake, la muuguzi kutoka Bombo. Mzee, baada ya kunung'unika wiki tatu, alikuwa anatumia Kitunguu. Alikijaribu kwa dharau akakipenda, na akawa anawasukuma watu pembeni kama zamani na King. Muuguzi alikuwa na Wali.

Fainali ya kwanza Muuguzi tatu kwa moja. Kwa hiyo mechi ya 23, ile niliyoomba isifike maana macho yalikuwa yameshafunga duka. Mzee akatangulia mbili bila. Muuguzi akabadilisha mchezo: akaacha kumfuata, akawa anakaa mbali kidogo, Mzee akirusha anakosa, naye anaadhibu. Mbili kwa mbili. Raundi ya mwisho wote damu imebaki kidole. Mzee akasonga mbele, kama kila mtu ajuavyo kwamba hufanya tangu enzi ya kibanda, na Muuguzi alikuwa anangoja hapo hapo.

Sauti ya Mzee ilikuja baada ya dakika moja, anacheka mpaka anakohoa: "Nyie watoto, kitunguu kikikutana na wali mwisho wake si mnaujua? Ni pilau tu."

Jumapili

Muuguzi amechukua kapu. Kasema machungwa matano ni ya Bodaboda, ya dawa ya kupigwa.

Ya kurekebisha, kabla sijasahau. Mechi 23 kwa vyumba viwili ni ndefu mno, tuwe na vyumba vitatu au tuanze Asri. Skrinshoti zichukuliwe na mtu wa tatu aliyekaa chumbani, wachezaji mikono yao ina kazi. Kanuni ya kusimama upigwe inabaki ilivyo. Kuhusu binamu bado sina jibu linalomridhisha Fundi, na sasa Fundi anasema yeye mwenyewe akisafiri atataka achezeshwe. Betri ya laptop ya Bodaboda: Fundi kasema ailete dukani kwake aitazame.

Mwalimu anadai kibodi yangu ni bora kuliko yake na hataki kuirudisha.

Leo saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana, nilikuta ujumbe kutoka kwa Mzee wa Bandari. "Mwanangu, pale pa kujifunza peke yangu bila mtu panafunguliwaje?" Nimemtumia kiungo. Mpaka sasa hivi, saa tano, bado yuko mtandaoni.